Jinsi ya Kutengeneza Mkanda wa Ngozi wa Zama za Kati kwa Ajili ya Vazi la Maigizo

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Nitumie ngozi gani? Bizimu nalipata wapi? Naweza kuugeuza mkanda wa mitumba? Na lile linalokuja baada ya kazi kwisha: mbona mkanda wangu unafanana na wa askari wa usalama barabarani? Nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nianze na hilo la askari, maana ndilo linaloharibu mavazi mengi mazuri. Mkanda unaonekana wa askari kwa sababu ni mpana na ni mfupi. Mikanda ya ngozi iliyofukuliwa ardhini London, ya kati ya karne ya 12 na ya 15, mingi ni myembamba. Mingi haifiki hata sentimita 3. Tena ilikuwa mirefu kuliko kiuno cha mvaaji, ili ncha yake ining'inie mbele. Kata mkanda wa sentimita 2 wenye mkia wa nusu mita, na hata ukiushona ovyo utaonekana ni wa Zama za Kati. Kata wa sentimita 5 unaoishia sentimita chache baada ya bizimu, na hata ukiupamba kwa dhahabu utabaki kuwa mkanda wa jinzi.

Mwongozo huu ni wa mkanda wa mtu wa kawaida wa Uingereza katika karne ya 14: mwembamba, mrefu, wenye bizimu moja na ncha ya chuma ukipenda. Ulivaliwa na mafundi, wachuuzi, wanaume kwa wanawake. Nguo za wakati ule hazikuwa na mifuko ya kushonewa ndani, kwa hiyo pochi, kisu na funguo vyote vilining'inia kiunoni. Ule mkanda mzito wa mabamba unaokaa nyongani, kama uliochongwa kwenye sanamu ya kaburi la Prince Edward (aliyefariki mwaka 1376), mwana wa mfalme Edward III wa Uingereza, katika kanisa kuu la Canterbury, ni kazi ya sonara na si ya mwongozo huu. Kama vazi lako ni la shujaa wa farasi, tengeneza huu kwanza.

Vitu vya kuandaa

- Ukanda wa ngozi ya ng'ombe wenye unene wa milimita 2.5 hadi 3, urefu wa sentimita 150 hivi. Nunua mpana kidogo, sentimita 5 au zaidi, upate na vipande vya majaribio.
- Bizimu lenye nafasi ya ndani ya milimita 20 au 21.
- Kisu chenye wembe mpya, na ubapa mrefu ulionyooka. Fundi wa madirisha ya alumini ana vipande vilivyobaki vya mita moja na nusu, atakupa kwa bei ya soda.
- Kitoboleo cha matundu ya milimita 3 hadi 5. Chochote cha fundi viatu kinafaa.
- Msharasi, au msumari uliochongwa ukapigwa msasa.
- Sindano 2 butu na uzi mnene wa kitani. Ukikosa kitani, uzi wa nailoni wa kushonea viatu.
- Nta ya nyuki, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto.
- Msasa namba 220 na namba 400, kitambaa kigumu cha jinzi, nyundo, tupa ndogo.
- Mafuta ya kwato za ng'ombe. Yasipopatikana, mafuta ya mbarika kwa kiasi kidogo sana.
- Kwa rangi nyeusi: siki nyeupe nusu lita, waya wa chuma wa kusugulia masufuria, chai ya majani, na bikaboneti ya kupikia.

Dawa ya rangi inahitaji wiki moja hadi mbili kabla ya kutumika, kwa hiyo ianze leo, kabla hujanunua hata ngozi. Maelezo yake yako hatua ya 5.

Ngozi: usikosee hapa

Ukikosea ngozi, hatua zote zinazofuata zitakukataa. Kingo hazitang'aa, rangi haitashika, na mkanda utavutika mpaka utoboe matundu mapya kila wiki.

Unachotaka ni ngozi iliyodabaghiwa, yaani iliyotengenezwa isioze, kwa magome ya miti. Kwetu Afrika Mashariki magome hayo kwa kawaida ni ya miwati. Njombe kuna kampuni ya miwati, TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949. Ulaya ya Zama za Kati walitumia magome ya mwaloni, lakini mkononi tofauti huioni. Ngozi ya aina hii ina rangi ya biskuti au ya kahawia, ni ngumu kiasi, inanukia mti, na ukiilowesha inakubali kukunjwa na kubaki ilivyokunjwa.

Nyingi ya ngozi laini unazoziona madukani, za mikoba na makochi, zimedabaghiwa kwa kemikali ya kromiamu. Ni ngozi nzuri kwa mkoba. Kwa kazi hii achana nazo. Namna ya kuzitambua:

Kata ukingo mpya uangalie katikati. Ukiona ubluu au ukijivu ndani, ni kromiamu. Ukiona kahawia mpaka katikati, ni ya magome.

Dondosha tone la maji upande wa juu. Ya magome isiyopakwa kitu hulinywa na kuacha doa jeusi kidogo. Iliyopakwa rangi ya plastiki huacha tone lisimame.

Ukiwa bado na shaka, chukua kipande cha ukubwa wa ukucha ukitumbukize kwenye maji yanayochemka. Ya magome itajikunyata mara moja na kuwa ngumu. Ya kromiamu itakuangalia tu. Watu wengine hupima kwa kuchoma. Usichome: moshi wa ngozi ya kromiamu una sumu.

Ya soli ni ya magome pia, na fundi viatu atakuuzia kwa moyo mweupe, ila ina milimita 4 au 5 na haipindi kiunoni. Ya mbuzi ni nyembamba na inavutika. Ngozi bandia sijui niseme nini; jukwaani kwa mbali itapita, lakini haishiki rangi ya chuma, haing'ariki ukingoni, na baada ya muda inabambuka.

Nairobi, soko la Kariokor lina mafundi wa ngozi wa kila namna na watakukatia ukanda mmoja tu bila kukulazimisha kununua ngozi nzima. Kwingineko, mwulize fundi anayeshona viatu vya ngozi halisi, si anayebandika soli, mahali anaponunua. Unapochagua, geuza ngozi uone upande wa nyama. Ng'ombe wetu wengi wana alama za chapa, mikwaruzo ya miiba na mikato ya kisu cha mchunaji. Mkwaruzo wa juu hauna neno, unapendezesha. Mkato wa chini ndio utakaokatika siku ya onyesho.

Omba ukatiwe sambamba na uti wa mgongo, karibu na mgongo wenyewe. Ngozi ya tumboni ni laini na inavutika kama mpira.

Mkanda wa mitumba? Unaweza, kama ni ngozi moja nzima na si tabaka mbili zilizogundishwa, na kama ni mrefu. Mingi si mirefu. Uufumue bizimu, uupunguze upana uwe sentimita 2, kisha uutumie kujifunzia.

Bizimu: la bei ndogo si dhambi

Mwaka 1327 Edward III aliwapa mafundi mikanda wa London hati ya kulinda kazi yao. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kupamba mikanda kwa madini duni kama risasi na bati. Lakini wanaakiolojia wamechimbua London mabizimu mengi ya madini hayo hayo duni. Watu walitaka kung'aa kwa pesa kidogo, na mafundi wakawauzia. Kwa hiyo usijinyime usingizi kwa kukosa bizimu la shaba la kusubu.

La kuangalia ni umbo. Chagua la mviringo, la yai au la umbo la D, lenye ulimi mmoja na fito nyembamba. Epuka lenye jina la kampuni, lenye roli inayozunguka, na lile la kubana bila ulimi. Mikoba iliyochakaa, hatamu na mikanda ya mbwa ni machimbo mazuri.

Kama unataka shaba ya kweli, pitisha tupa kidogo mgongoni mwa bizimu. Njano ikiendelea ndani, ni shaba. Ikitokea nyeupe au kijivu, umepewa madini mengine yaliyochovywa. Na sumaku ikinasa, ni chuma. Nacho ni sahihi kwa karne ya 14, mradi ukiondoe ule mng'ao wa kioo kwa msasa namba 400.

Hatua za kazi

1. Jipime ukiwa umevaa vazi lote. Shati la ndani, kanzu, joho, vyote. Kiuno chako juu ya sufu si kile unachokijua dukani. Amua pia mkanda utakaa wapi: kiunoni au chini kidogo nyongani. Chukua kipimo hicho, ongeza sentimita 50 za mkia na sentimita 6 za kukunjia bizimu. Mtu wa sentimita 90 atakata mkanda wa sentimita 146. Kwa mtu mrefu ongeza mkia hadi 60.

2. Kata. Laza ngozi juu ya ubao, uso wake juu. Nyoosha kwanza ukingo mmoja kwa ubapa, kisha pima milimita 20 kutoka ukingo huo katika sehemu nyingi, walau kila sentimita 20, uweke alama kwa ncha ya msharasi. Bana ubapa kwa vibanio au mwombe mtu aukalie. Pitisha kisu kidogo kidogo: mara ya kwanza chora tu, ya pili ingia nusu, ya tatu utoke upande wa pili. Anayetaka kukata kwa pigo moja hukandamiza, kisu kinapinda chini ya ngozi, na ukingo unatoka umelala upande. Vidole vya mkono ulioshika ubapa vikae mbali na ukingo wake.

3. Chonga ncha ya mkia. Ya mviringo au ya pembe butu. Weka sarafu juu ya ncha, zungushia kalamu, kata. Kama utavisha ncha ya chuma, iache mraba.

4. Ondoa makali ya kingo. Fundi mwenye kifaa maalumu atapitisha mara moja. Wewe usiye nacho, kunja msasa namba 220 kwenye kipande cha mbao na uupitishe ukiwa umelala nyuzi 45, pande zote nne za urefu. Makali yakiisha, rudia na namba 400. Inachosha, lakini hapa ndipo mkanda unapoanza kuonekana wa fundi.

5. Tia rangi, ukitaka nyeusi. Anayetaka kahawia ya asili aruke hadi hatua ya 6, apake mafuta tu.

   Dawa inaandaliwa hivi. Osha waya wa kusugulia kwa sabuni utoe mafuta, uukaushe, uunyambue, uutie kwenye gudulia la kioo na kumwagia siki. Uwe waya wa chuma kinachoshika kutu; ule unaong'aa daima hautafanya kitu. Misumari ya kawaida nayo inafaa ikiwa haijapakwa zinki. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, maana inatoa gesi na gudulia linaweza kupasuka. Liweke nje, mbali na jiko. Baada ya wiki moja au mbili chuja kwa kitambaa mara mbili.

   Siku ya kupaka, chemsha chai ya rangi nzito sana, majani vijiko vitano kwa kikombe, iache ipoe. Futia ngozi chai hiyo pande zote na usubiri ikauke nusu. Chai inaongeza ile asidi ya magome ambayo chuma kinaitafuta. Kisha paka dawa kwa brashi. Tazama kinachotokea: mwanzoni inalowa tu, halafu inapita ukijivu, ubluu wa wino, na ndani ya dakika moja au mbili uso wote umekuwa mweusi. Si rangi iliyokaa juu; ni chuma na magome vimeungana ndani ya ngozi, njia ile ile iliyotengeneza wino wa waandishi wa zama hizo.

   Ikishakolea, futa mkanda kwa maji yenye bikaboneti, kijiko kimoja kwa nusu lita, kisha kwa maji matupu. Hii inaua siki iliyobaki. Usitumie magadi badala yake, ni makali mno kwa ngozi. Uanike kivulini, umelazwa. Jua la moja kwa moja litaukausha hadi upasuke.

   Jaribu kila kitu kwenye kipande kwanza. Vaa glavu, kwani vidole navyo vitapata rangi.

6. Paka mafuta. Mkanda ukiwa bado na unyevu kidogo, futia mafuta ya kwato kwa kitambaa, tabaka jembamba, uso na mgongo. Acha usiku mzima. Ukiona bado ni mkavu, rudia. Usiuchovye. Ngozi iliyolewa mafuta inalegea na itapaka nguo.

7. Ng'arisha kingo. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji, sentimita 20 kwa wakati, kisha usugue kwa kitambaa cha jinzi kwa nguvu na haraka mpaka upate joto. Ukingo utaacha kuwa na manyoya na kuanza kuteleza. Paka nta, sugua tena. Ngozi ikikataa kung'aa hapa, rudi kwenye jaribio la maji yanayochemka. Pengine uliuziwa ya kromiamu.

8. Andaa upande wa bizimu. Chora mstari sentimita 6 kutoka mwisho. Hapo ndipo mkunjo. Toka mstari huo hadi mwisho, punguza unene upande wa nyama kwa kisu kikali hadi ubaki nusu, ukishusha taratibu usiache ngazi. Elekeza kisu mbali na mkono unaoshikilia. Kisha tengeneza tundu la ulimi: toboa matundu mawili ya milimita 5, moja kila upande wa mstari wa mkunjo, ili kutoka mwisho hadi mwisho upate mfereji wa sentimita 2. Kata mistari miwili iliyonyooka kuyaunganisha. Wengi hupasua mstari mmoja tu kwa kisu bila kutoboa. Mpasuko huo utaendelea kutembea hadi mkanda uchanike.

9. Vaa bizimu na ushone. Lowesha mkunjo, pitisha bizimu, ulimi utokee kwenye tundu lake, kunja na ugongegonge kwa nyundo juu ya kitambaa. Hakikisha uso mzuri wa bizimu na uso wa ngozi vimeelekea upande mmoja. Ni kosa la kijinga na kila mtu hulifanya usiku.

   Chora mstari wa mshono wenye umbo la U, milimita 4 kutoka kingo, ukianzia sentimita 1.5 kutoka mkunjo. Kwa nafasi za mishono tumia uma wa mezani: ukandamize uache alama, sogeza jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, kandamiza tena. Toboa kila alama kwa msharasi ulio wima.

   Kata uzi wa sentimita 50, upitishe juu ya nta mara tatu nne, tia sindano kila upande. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la kwanza, linganisha uzi pande zote mbili. Kuanzia hapo kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, kisha vuta pande zote kwa nguvu sawa. Ukifika mwisho rudi matundu mawili, kata, gonga mshono kwa nyundo ulale. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono huu haufumuki wote kama wa cherehani.

10. Toboa matundu ya kufungia. Sasa vaa vazi lote tena, zungusha mkanda na uweke alama ulimi unapofika. Toboa hapo, kisha matundu mawili kila upande kwa nafasi ya sentimita 2.5. Tundu liwe dogo, ulimi upite kwa kubanwa kidogo. Vitoboleo vya mkono huteleza, kwa hiyo chora kwanza mstari wa katikati. Tundu lililohama milimita 2 linaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi.

11. Ncha ya chuma na mapambo, kama una hamu. Kata bamba la shaba la nusu milimita, upana wa milimita 20 na urefu wa sentimita 5, likunje katikati, likumbatie ncha ya mkanda. Piga makali yote tupa kabla hujalivisha, yanakata kama wembe. Toboa matundu mawili yanayopita bamba na ngozi, pitisha vipande vya waya wa shaba, acha milimita 1 ikitokeza kila upande, gonga polepole mpaka vichwa vifanyike.

    Kwa mapambo, misumari ya sofa yenye vichwa vya njano inatosha kabisa. Kata shina libaki limepita ngozi kwa milimita 2, vika washa ndogo nyuma, gonga. Kabla ya kugonga, kichwa kikae kwenye kibonyo ulichochimba kwenye ubao, si juu ya chuma, la sivyo kinabonyea na kuwa bapa. Weka kila sentimita 4 au 5. Ukiujaza wote unahamia kwenye mkanda wa mwanamuziki wa roki.

Namna ya kuufunga

Pitisha mkia kwenye bizimu na utie ulimi tunduni. Chukua mkia uuingize nyuma ya mkanda kutoka chini kwenda juu, karibu kabisa na bizimu, uutokeze juu, kisha uushushe mbele kupitia kitanzi kilichojitengeneza. Vuta. Utaning'inia wima mbele ya paja. Pochi ikae upande wa pili, vinginevyo vinasukumana ukitembea.

Kama vazi ni la hadithi za kubuni

Ukitengeneza vazi la NAICCON, tamasha la wapenzi wa vibonzo kule Nairobi, au mchezo wenye majoka na wachawi, hakuna atakayekuja na rula. Unaweza kupanua hadi sentimita 3 au 4, ukabandika alama za ufalme wako. Ule mkanda wa pete moja kubwa, ambao mkia unapita ndani ya pete na kufundikwa, ni maarufu kwenye mavazi haya. Ni rahisi: hatua ya 8 bila tundu la ulimi, hatua ya 9 na pete badala ya bizimu, basi. Usiuite tu wa kihistoria mbele ya watu wanaojua.

Yakikwama

*Mkanda unapinda upande mmoja ukiulaza.* Ulikatwa karibu na tumbo, upande mmoja umevutika. Uloweshe wote, uning'inize na uzito wa kilo moja au mbili usiku kucha. Utanyooka kiasi, si wote.

*Rangi imetoka kijivu badala ya nyeusi.* Asidi ya magome haitoshi au dawa haijakomaa. Paka chai tena, kisha dawa tena. Ikibaki kijivu mara ya tatu, ngozi hiyo si ya magome.

*Weusi unapaka nguo.* Ni mabaki ya juu. Futa kwa kitambaa chenye maji mpaka kitoke safi, kausha, paka mafuta kidogo na nta. Usivae juu ya shati jeupe kabla ya kujaribu na tambara.

*Ngozi inapasuka kwenye mkunjo.* Hukupunguza unene, au uliikunja kavu, au siki haikuuliwa. Mpasuko mdogo wa juu, mafuta yatautuliza. Uliozama, kata sentimita 6 uanze upya hatua ya 8. Mkia mrefu una faida zake.

*Matundu yanavutika na kuwa ya yai.* Umebana mkanda kupita kiasi. Hata wenye matundu mazuri haukutengenezwa kushikilia suruali, maana suruali za zama zile zilikuwa na kamba zake.

*Uchafu wa kijani umejitokeza kwenye shaba.* Mafuta ya ngozi yanaila. Ufute kwa kijiti na kitambaa kikavu, na siku nyingine usipake mafuta karibu na bizimu.

*Ukungu mweupe.* Wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar mnaujua. Futa kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyozimuliwa kwa maji, nje ya nyumba, anika penye upepo, kisha paka mafuta tabaka jembamba. Usiuhifadhi mkanda kwenye mfuko wa nailoni wala chini ya kitanda. Utundike kwa bizimu lake kwenye msumari, mahali ambapo hewa inapita.